Uzito wa Galaksi ni Rahisi, Umbo Lake Ndilo Ghali

Galaksi ya NGC 3198 iko upande wa kundinyota la Dubu Mkubwa. Gesi ya pembezoni mwake inakizunguka kitovu kwa kasi ya kilomita 150 kwa sekunde, ikiwa umbali wa kiloparseki 30 kutoka kitovu hicho. Kiloparseki moja ni miaka-nuru 3,260 hivi, na mwaka-nuru ni umbali unaokatwa na mwanga kwa mwaka mmoja. Zidisha kasi kwa kasi, kisha zidisha kwa umbali: 150 × 150 × 30 ni 675,000. Gawa kwa namba isiyobadilika ya mvutano katika kanuni ya Newton, ambayo kwa vipimo hivi ni 0.0000043. Jibu ni bilioni 157. Hilo ndilo tungamo, yaani kiasi cha maada, lililomo ndani ya obiti ya gesi hiyo kwa kipimo cha Jua: maada ya kutosha majua bilioni 157.

Hesabu hiyo haimshindi mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kazi iko kwenye namba zinazoingia: kasi ilipatikanaje, umbali ulipimwa kwa njia gani, na kanuni yenyewe imedhani nini kuhusu umbo la galaksi. Nitazipitia pamoja na bei zake. Shilingi zitakazotajwa ni za Kenya, kwa viwango vya kukadiria: dola moja Sh130, euro moja Sh150, randi moja Sh7. Anayetaka viwango vya leo anaweza kuvibadilisha. Uwiano wa gharama hautasogea sana.

Kasi ndiyo namba ya bei nafuu. Haidrojeni baridi hutoa wimbi la redio lenye urefu wa sentimita 21, sawa na megahezi 1,420.4. Atomu moja ikiachwa peke yake husubiri kwa wastani miaka milioni 11 kabla ya kutoa wimbi hilo, lakini haidrojeni yenye tungamo la Jua moja ina atomu ambazo idadi yake huandikwa kwa 1 ikifuatwa na sufuri 57, kwa hiyo ishara haikatiki. Gesi ikitujia, masafa ya wimbi hupanda; ikitukimbia, hushuka. Kwa kasi ya kilomita 150 kwa sekunde badiliko ni megahezi 0.71, yaani asilimia 0.05. Kwa kipokezi cha redio hicho si kipimo kigumu.

Henk van de Hulst alitabiri wimbi hilo mwaka 1944, Uholanzi ikiwa chini ya ukaliaji wa Wajerumani. Harold Ewen na Edward Purcell walilinasa katika Chuo Kikuu cha Harvard tarehe 25 Machi 1951, kwa antena ya umbo la pembe iliyochomoza dirishani. Ruzuku ya kazi hiyo ilikuwa dola 500. Kwa kiwango chetu ni Sh65,000. Lakini bei za Marekani zimepanda takriban mara 12 tangu wakati ule, kwa hiyo kiasi cha haki ni kama Sh780,000. Hapo mshahara wa Ewen, jengo na umeme havimo, kama ilivyo kawaida ya bajeti zinazosifiwa kwa udogo.

Antena ile iliweza kusema gesi ipo na inakwenda kasi gani. Haikuweza kusema iko wapi hasa. Uwezo wa darubini kutenganisha nukta mbili hutegemea urefu wa wimbi ukigawanywa kwa upana wa darubini, na wimbi la sentimita 21 ni refu. Dishi la mita 100, ambalo ni miongoni mwa makubwa zaidi duniani yanayoweza kugeuzwa, hutenganisha nukta zilizoachana kwa dakika 7.2 za nyuzi. Gesi ya NGC 3198 inaenea dakika 22.4 angani, kutoka ukingo hadi ukingo. Gawa: dishi hilo linaiona galaksi nzima kwa vipande vitatu. Kwa vipande vitatu huwezi kuchora mchoro wa kasi dhidi ya umbali.

Dawa ni kuunganisha madishi mengi yaliyotawanyika, ili umbali kati yao uwe ndio upana wa darubini. Westerbork, Uholanzi, ina madishi 14 ya mita 25 kwenye mstari wa karibu kilomita 2.7. Kwa upana huo kipande kimoja ni sekunde 16 za nyuzi, na NGC 3198 inagawanyika vipande 84 kwa upana wake. Kutoka 3 hadi 84 ndiko fedha zilikokwenda. Albert Bosma alitumia mtambo huo katika tasnifu yake ya mwaka 1978, akionyesha kwamba kasi ya gesi haishuki hata mbali sana na mwanga wa nyota. Vera Rubin na Kent Ford walikuwa wametangulia mwaka 1970 na mawingu 67 ya gesi moto katika galaksi ya Andromeda, lakini kwa mwanga wa kawaida, na mwanga huisha kabla gesi haijaisha.

Kutoshuka kwa kasi kuna uzito gani? Katika mfumo wa Jua, Dunia hukimbia kilomita 29.8 kwa sekunde, na Neptuni, iliyo mbali mara 30, hukimbia 5.4 tu. Uwiano ni 5.5, ambao ni kipeuo cha pili cha 30, kama kanuni inavyodai pale tungamo karibu lote linapokuwa katikati. Katika NGC 3198 kasi inabaki karibu na 150 hadi mwisho wa vipimo. Kwa kanuni ileile, kasi isiyoshuka ina maana kwamba umbali ukiongezeka maradufu, tungamo la ndani nalo limeongezeka maradufu, ingawa nyota zimeshakwisha.

Mwaka 1985 Tjeerd van Albada, John Bahcall, Kor Begeman na Renzo Sancisi walihitimisha kwamba angalau asilimia 80 ya tungamo la NGC 3198 ndani ya kiloparseki 30 halionekani. Kwa hesabu yetu ya bilioni 157, hiyo ni bilioni 126 za maada ya giza, yaani maada inayojulikana kwa mvutano wake tu, dhidi ya bilioni 31 za nyota na gesi. Neno la kuangalia ni «angalau». Walizipa nyota uzito wote ambao mchoro wa kasi ungeweza kuvumilia, kwa sababu hakuna aliyezipima moja kwa moja. Nyota zikiwa nyepesi kuliko hapo, sehemu ya giza inapanda. Asilimia 80 ni sakafu ya makadirio, ingawa mara nyingi hunukuliwa kana kwamba ni kipimo.

Kuna umbali pia. Watafiti hao walidhani NGC 3198 iko megaparseki 9.2 kutoka kwetu, na megaparseki ni kiloparseki 1,000. Baadaye darubini ya anga ya Hubble ilipima nyota zinazobadilika mwangaza, aina ya Sefeidi, na kupata 13.8. Hilo ni ongezeko la asilimia 50. Pembe angani haikubadilika, kwa hiyo kiloparseki 30 zinakuwa 45, na tungamo linapanda kutoka bilioni 157 hadi bilioni 236. Mwanga wa nyota nao unapaswa kuzidishwa kwa 1.5 mara mbili, yaani 2.25. Tungamo kwa kila kipimo cha mwanga linashuka kwa theluthi moja. Hakuna gesi iliyobadili mwendo wala dishi lililogeuzwa. Ni namba moja tu ya pembeni iliyorekebishwa.

Sasa gharama za mitambo ya leo. VLA ya New Mexico, madishi 27 ya mita 25, iligharimu dola milioni 78.5 kwa thamani ya mwaka 1972. Bei zimepanda kama mara 7.5 tangu hapo, kwa hiyo ni dola milioni 589, au Sh76.6 bilioni. MeerKAT ya Afrika Kusini, madishi 64 ya mita 13.5 katika nyika ya Karoo, ilizinduliwa Julai 2018 kwa randi bilioni 4.4, sawa na Sh30.8 bilioni. Ni asilimia 40 ya VLA, kwa mtambo ulio makini zaidi katika wimbi hili. Ulinganisho huo una dosari: madishi ya VLA husafirishwa kwenye reli hadi yatawanyike kilomita 36, ya MeerKAT hayaondoki yalipo na yanafika kilomita 8. Bado, ukirudi kwenye Sh780,000 za Ewen, MeerKAT imegharimu mara 39,500.

Bei ya mtambo haimwambii msomaji bei ya galaksi moja. Nachukulia kwamba MeerKAT itafanya kazi miaka 20, na kwamba asilimia 70 ya saa zote zitatumika kutazama anga. Hizo ni saa 122,700 hivi. Randi bilioni 4.4 zikigawanywa humo zinatoa randi 35,900 kwa saa, yaani Sh251,000. Mradi wa MHONGOOSE, unaochora gesi ya galaksi 30 za jirani, umepangiwa saa 55 kwa kila moja. Galaksi moja basi ni Sh13.8 milioni, na zote 30 ni Sh414 milioni, asilimia 1.3 ya gharama ya ujenzi. Mradi wa THINGS uliotangulia ulitumia VLA takriban saa 500 kwa galaksi 34, wastani wa saa 15. Kizazi kipya kinatumia karibu mara 3.7 ya muda huo kwa galaksi, kwa sababu kinatafuta gesi nyembamba ya mbali zaidi.

Dhana zangu mbili hapo juu ndizo zinazobeba jibu. Mtambo ukidumu miaka 10, saa inapanda hadi Sh502,000. Na sijaweka uendeshaji. Ukikadiria uendeshaji kuwa asilimia 10 ya mtaji kila mwaka, miaka 20 inaongeza asilimia 200, na galaksi moja inafika Sh41 milioni. Taarifa ikisema darubini «imegharimu» kiasi fulani, muulize mtoa taarifa kama huo ni ujenzi peke yake.

Kosa jingine kubwa katika tungamo halitokani na mtambo hata kidogo. Tunaona sehemu ya kasi inayotujia au kutukimbia tu, kwa hiyo lazima tujue mwinamo wa galaksi: nyuzi 90 ikiwa tunaiona kwa ubavu, sufuri ikiwa tunaitazama usoni. NGC 3198 ina mwinamo wa nyuzi 72. Ukikosea kwa nyuzi 5, tungamo linakosea kwa asilimia 5 hadi 7. Sasa chukua galaksi yenye mwinamo wa nyuzi 30 na kosa lilelile. Ikiwa kweli ni 25, tungamo lako liko chini, nawe unapaswa kuongeza asilimia 40. Ikiwa kweli ni 35, unapaswa kupunguza asilimia 24. Nyuzi 5 zilezile, bei tofauti. Na mwinamo wenyewe mara nyingi husomwa kutokana na ubapa wa picha, kwa kudhani kwamba diski ni duara kamili.

Dhana hiyo ya duara ndiyo mlango wa suala la umbo.

Kanuni tuliyoanza nayo inadhani tungamo limepangika kama tufe. Galaksi zinazoonekana ni diski. Kwa diski ambayo nyota zake hupungua taratibu kutoka kitovuni, kasi ya juu kabisa huzidi ile ya tufe lenye tungamo lilelile la ndani kwa takriban asilimia 15. Kwa kuwa kasi huzidishwa kwa yenyewe, anayetumia kanuni ya tufe pale atakadiria tungamo kupita kiasi kwa asilimia 32. Kasi ndani ya diski peke yake haitakuambia kama maada ya giza imekaa kama chungwa au kama chapati. Zote mbili zinaweza kutoa mchoro uleule wa kasi kwa kubadilisha kidogo kiasi cha maada.

Hapa tunahitaji istilahi mbili. Uga wa mvutano ni mpangilio wa nguvu inayoivuta gesi kila mahali ndani ya galaksi. Uwiano wa ubapa ni kimo cha umbo kikigawanywa kwa upana wake: 1 ni tufe, 0.2 ni bapa sana. Jambo linalosahaulika ni kwamba uga na tungamo havina ubapa sawa. Mvutano wa kila chembe unafika mbali na kuchanganyika na wa nyingine, kwa hiyo uga huwa mviringo zaidi kuliko maada inayoutengeneza. Pale kasi isiposhuka, upungufu wa uga kutoka 1 ni kama theluthi ya upungufu wa tungamo. Maada yenye uwiano wa 0.4 hutoa uga wa 0.8. Kinyume chake ndicho cha gharama: ukipima uga kwa kosa la asilimia 10, umbo la maada linabeba kosa la asilimia 30.

Gesi inafaa kwa kipimo hiki kuliko nyota kwa sababu moja. Nyota zinaweza kupishana bila kugusana, hivyo njia zao zinaruhusiwa kukatana. Mawingu ya gesi yakikatana hugongana, hupoteza nishati na kushuka. Baada ya mizunguko kadhaa gesi inayobaki ni ile iliyotulia kwenye obiti zilizofungika, yaani zinazorudi zilipoanzia bila kuikata njia ya jirani. Umbo la obiti hizo linafuata umbo la uga. Kama uga ni duara, gesi huenda duara kwa kasi moja. Kama ni duaradufu, kasi hupanda na kushuka kadiri inavyozunguka, na badiliko hilo linapimika.

IC 2006 ni galaksi ya duaradufu iliyozungukwa na pete ya haidrojeni. Marijn Franx, Jacqueline van Gorkom na Tim de Zeeuw waliipima pete hiyo na mwaka 1994 wakatoa kiwango cha uga kukengeuka kutoka duara katika bapa la pete: 0.012, kosa likiwa 0.026 juu na chini. Kosa ni zaidi ya mara mbili ya namba yenyewe. Matokeo yanaanzia chini ya sufuri na kuishia 0.038. Hicho ni kikomo cha juu, nacho ni kizuri: kuutazama kwa juu, uga huo haujavutika hata kwa asilimia 4. Hakisemi lolote kuhusu kimo.

Ili kupata kimo, unahitaji gesi inayopita juu na chini ya diski. Galaksi zenye pete ya ncha zinayo: diski ya nyota inazunguka upande mmoja, na pete ya gesi inaikata karibu kwa pembe mraba, ikipita juu ya ncha zake. Linganisha kasi mbili na una ubapa. Tatizo ni uchache. Katika orodha ya Bradley Whitmore na wenzake ya mwaka 1990, asilimia 0.5 tu ya galaksi jirani za aina ya S0 zilionekana na pete hizo. Baada ya kufidia zile ambazo haziwezi kutambulika kwa jinsi zilivyokaa, walikadiria asilimia 5. Marekebisho yamezidisha kipimo mara 10.

Mwaka 2023 mradi wa WALLABY, unaotumia madishi ya ASKAP huko Australia, ulitangaza galaksi mbili zinazoelekea kuwa na pete ya gesi, NGC 4632 na NGC 6156, kati ya takriban 600. Mbili kwa 600 ni asilimia 0.33. Makadirio yaliyotolewa ni asilimia 1 hadi 3. Tena marekebisho, safari hii mara 3 hadi 9. Sisemi ni makosa. Pete inayoonekana kwa ubavu au iliyo ndogo kweli hupotea. Nasema sehemu kubwa ya asilimia hiyo imetoka kwenye modeli, na galaksi mbili ni sampuli ndogo kwa kazi ya namna hiyo.

Pete iliyochunguzwa sana ni ya NGC 4650A. Mwaka 1987 Whitmore, McElroy na Schweizer walitoa uwiano wa uga wake kuwa 0.86, kosa 0.21, wakahitimisha kwamba maada ya giza ni karibu tufe. Mwaka 1994 Penny Sackett na wenzake walipata maada bapa sana, kati ya 0.3 na 0.4. Ukisoma mahitimisho, hao ni wapinzani. Sasa tumia kanuni ya theluthi. Maada ya 0.3 hadi 0.4 hutoa uga wa 0.77 hadi 0.80. Kipimo cha kwanza kiliruhusu chochote kati ya 0.65 na 1.07. Cha pili kiko ndani ya cha kwanza. Na ukigeuza 0.86 kuwa umbo la maada unapata 0.58, na kosa la 0.63: kipimo hicho hakikuwa na uwezo wa kutofautisha chungwa na chapati. Mwaka 1996 Françoise Combes na Magda Arnaboldi waliongeza uwezekano wa tatu, kwamba maada imelala upande wa pete yenyewe na si wa diski. Galaksi moja, majibu matatu, na data inayoyavumilia kwa kiasi kikubwa.

Njia nyingine ni kupima unene wa tabaka la gesi. Katika galaksi yetu, Njia Nyeupe, tabaka hilo hunenepa kadiri unavyokwenda nje, kwa sababu mvutano wa kulirudisha katikati unapungua. Maada ya giza iliyo bapa hulibana zaidi kuliko ya tufe. Mwaka 2000 Rob Olling na Michael Merrifield walitumia unene huo pamoja na njia ya pili isiyoutegemea, ya nyota za jirani na Jua. Njia zote mbili zilikubaliana kwenye uwiano wa maada wa karibu 0.8, lakini kwa sharti: Jua liwe umbali usiozidi kiloparseki 7.6 kutoka kitovu cha Njia Nyeupe, na kasi ya mzunguko hapa isizidi kilomita 190 kwa sekunde. Vipimo rasmi vya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia vya mwaka 1985 vilikuwa 8.5 na 220. Waandishi waliandika wazi kwamba iwapo namba za kweli zitakuwa karibu na zile za kawaida, basi njia zenyewe za kupima umbo zina kasoro na zitazamwe kwa mashaka. Ni nadra kukuta watafiti wakiandika hati ya kushindwa kwao mapema hivyo, na kwa namba.

Jibu limeshakuja. Mwaka 2019 kikundi cha GRAVITY, kikifuatilia nyota inayozunguka shimo jeusi la kitovuni kwa miaka 16 kila mzunguko, kilipata umbali wa kiloparseki 8.178. Makosa yake mawili yaliyotajwa, 0.013 na 0.022, yakijumlishwa ni 0.035. Kikomo cha 7.6 kiko nje kwa 0.578, ambayo ni mara 16 ya jumla ya makosa hayo. Mwaka huohuo Anna-Christina Eilers na wenzake walipata kasi ya 229, dhidi ya kikomo cha 190. Tafsiri kwa tungamo ndani ya obiti ya Jua: kwa 7.6 na 190 ni majua bilioni 64. Kwa vipimo vya 1985 ni bilioni 96. Kwa vipimo vya 2019 ni bilioni 100. Sharti limevunjika kwa pande zote mbili. Ile 0.8 haina tena mahali pa kusimama, ingawa bado unaweza kuikuta katika majedwali ya kulinganisha, bila sharti lake.

Vipimo vilivyofuata vimehamia zaidi kwenye vijito vya nyota, yaani mikanda mirefu ya nyota zinazosafiri pamoja, kuliko gesi. Mwaka 2010 Sergey Koposov na wenzake walipata uga wa 0.87 kwa kijito cha GD-1, lakini huo ni uga wa jumla, diski ikiwemo. Mwaka 2016 Jo Bovy na wenzake walitenga maada ya giza na kupata 1.05, kosa 0.14. Tufe limerudi mezani.

Karibu na kitovu gesi ina kazi nyingine. Njia Nyeupe ina pau, yaani mkusanyiko mrefu wa nyota unaozunguka kama kitu kimoja, na gesi hapo ina kasi ambazo obiti ya duara haiwezi kuzitoa. Mwaka 1991 James Binney na wenzake walieleza kasi hizo kwa obiti ndefu zilizofungika zinazofuata pau, na wakahitaji pau izunguke kwa kilomita 63 kwa sekunde kwa kila kiloparseki. Makadirio ya miaka ya karibuni yako karibu na 40. Maelezo yamebaki, namba imeshuka kwa asilimia 37.

Yote haya yamedhani kwamba kanuni ya Newton inafaa pale ukingoni. Mordehai Milgrom alihoji hilo mwaka 1983, akipendekeza kwamba mvutano hubadilika tabia pale mchapuko, yaani kiwango cha kasi kubadilika, unaposhuka chini ya mita 0.00000000012 kwa sekunde kwa sekunde. Ukingoni mwa NGC 3198 mchapuko ni kama moja ya tano ya hapo. Kwa kanuni yake, kasi ya 150 inahitaji majua bilioni 32 tu. Kumbuka zile bilioni 31 za nyota na gesi, hata kama zilikuwa za juu kabisa. Kulingana huko hakuthibitishi kitu, na kwa makundi ya galaksi pendekezo hilo bado linaacha deni la tungamo. Ila ni sababu ya kuutaka uga wenyewe upimwe kwa umbo lake, kwa maana maada ya giza inaruhusiwa kukaa mahali ambapo hakuna nyota, na pendekezo la Milgrom haliruhusu hivyo.

Mtambo unaofuata ni SKA. Bajeti ya miaka ya 2021 hadi 2030, ujenzi na uendeshaji wa mwanzo, ni karibu euro bilioni 2, au Sh300 bilioni. Inagharamia darubini mbili katika mabara mawili, kwa hiyo haifai kuwekwa ubavuni mwa Sh30.8 bilioni za MeerKAT bila maelezo. Kenya ni mojawapo ya nchi nane washirika wa Afrika Kusini katika mradi huo, pamoja na Botswana, Ghana, Madagaska, Morisi, Msumbiji, Namibia na Zambia. Sehemu ya Karoo itakuwa na madishi 197: yale 64 ya MeerKAT na mapya 133 ya mita 15. Eneo la kukusanya mawimbi litapanda kutoka mita za mraba 9,200 hadi 32,700, mara 3.6. Muda unaohitajika hushuka kwa kipeo cha pili cha namba hiyo, kama mengine yote yakibaki sawa, hivyo saa 55 zinakuwa 4.3.

Weka akiba hiyo kwenye suala la umbo. Tuseme tunataka umbo la maada kwa kosa la 0.1. Uga basi upimwe kwa kosa la 0.033, na pete moja ya ubora wa mwaka 1987 hutoa 0.21. Kwa wastani wa pete nyingi tunahitaji kama 40. Kwa kiwango kilichoonekana, mbili kwa 600, lazima uchore galaksi 12,000. Kwa saa 55 kila moja ni saa 660,000, miaka 108 ya MeerKAT kwa matumizi ya asilimia 70, na Sh166 bilioni kwa bei yetu ya ujenzi tu. Kwa saa 4.3 ni miaka 8.4. ASKAP, inayoona nyuzi 30 za mraba kwa mkupuo mmoja, inaweza kutafuta pete kwa muda mfupi zaidi na kuwaachia wengine kuzichora. Hesabu hiyo yote inadhani kosa la kila pete ni la bahati nasibu na hupungua kwa wingi, jambo ambalo kosa la mwinamo halifanyi. Na wastani wa pete 40 utakuwa na maana ikiwa tu galaksi 40 zina umbo moja.